Mjane wa Sekenke kwenye Kaburi la Mfalme

Siku Evodia alipoondoka kwenda China, wanawake wa kijijini kwake, chini ya mlima Sekenke, walimsindikiza kwa vigelegele kana kwamba anaolewa upya. Mtama ulikuwa umeshavunwa, watu wana nafasi, na habari yenyewe ilikuwa kubwa: binti yake wa pekee, Elina, alikuwa anamaliza chuo katika mji unaoitwa Xi'an, na alikuwa amemkatia mama yake tiketi ili amwone akivaa joho. Aliyempeleka stendi ya Shelui ni shemeji yake, Noel, mdogo wa marehemu mumewe. Alimpeleka kwa gari lake, akambebea begi mwenyewe mpaka ndani ya basi, akamtafutia kiti cha dirishani. Kisha akashuka, akazunguka nje, akasimama chini ya dirisha.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto amehangaika miaka yote hii mpaka amefika hapo. Usiende kumharibia."

Evodia alimwelewa. Basi lilipoanza kuondoka alifunga kioo.

Kwao hasa ni Ilongero. Alikuwa Mnyaturu aliyeolewa Iramba akiwa bado msichana mdogo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu wa jembe, na alizoea kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka, kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika. Kwa miaka mingi aliwapikia wachimbaji wa dhahabu machimboni: ugali, mlenda, dagaa, na Jumapili nyama ya mbuzi. Mumewe, Chediel, alikuwa fundi wa kuweka nguzo ndani ya maduara, yale mashimo marefu ambayo wachimbaji wadogo huyashukia kwa kamba. Chediel hakuwa na maneno mengi. Kila nguzo aliipiga kwa kisogo cha shoka, akasikiliza, ndipo akaruhusu mtu apite. Wenzake walimtania kwamba anaongea na miti, lakini walipenda kushuka naye.

Duara alilofanyia kazi lilikuwa la Noel. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika familia ile: mkubwa alifanya kazi, mdogo alimiliki. Noel alitangulia kupata pikipiki, kisha gari, kisha duara, na hata kiwanja ambacho Chediel na mkewe walijenga kilikuwa cha Noel. Elina alipofaulu kwenda sekondari, ada alilipa Noel. Chediel hakuona aibu kwa hilo. "Ni mdogo wangu," alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Januari ya mwaka 2022 mvua ilinyesha mfululizo, maji yakawa yanatiririka kutoka mlimani usiku na mchana. Chediel alikwenda kwa Noel akiwa na tope mpaka magotini.

"Nguzo za chini zimelala," alimwambia. "Tusubiri ardhi ikauke."

"Kaka, pampu ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka. Tukisubiri, shimo litajaa maji, tuanze upya."

"Basi tuanze upya."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu si lako."

Evodia alikuwepo, akipakua ugali, na aliona uso wa mumewe ulivyobadilika kwa neno lile. Chediel hakubishana tena. Alishuka na wenzake wawili, yeye akatangulia mpaka chini kabisa kuzikagua nguzo. Kabla ya saa sita mchana shimo liliporomoka. Wale wawili walivutwa juu kwa kamba wakiwa wamejaa tope mpaka masikioni. Chediel hakutoka.

Siku ile machimbo yote yaliacha kazi, watu wakachimba kwa sururu, kwa koleo, kwa mabeseni. Kesho yake ukuta wa pili ukaporomoka, mtu mmoja akavunjika mguu, na Noel akasimamisha uokoaji. Jioni mmoja wa wale wawili waliovutwa juu, anayeitwa Idrissa, aliingia jikoni kwa Evodia akitetemeka.

"Mama, anagonga," alisema. "Nimeweka sikio kwenye bomba la pampu. Anagonga, anapumzika, halafu anagonga tena."

Walikimbia wote wawili kwa Noel. Noel alimshika Evodia mikono. Alikuwa analia machozi ya kweli. Hilo Evodia hakuwahi kulikana hata baadaye. "Shemeji, ni mawe yanajipanga huko chini," alisema. "Nimesikiliza mwenyewe. Ni mawe."

Asubuhi lilikuja katapila. Watu walishangilia wakidhani limekuja kufukua. Lilisukuma kifusi ndani mpaka mdomo wa shimo ukapotea, na bomba likiwa humo humo.

Wakaguzi wa migodi kutoka serikalini walipofika waliambiwa kwamba duara lile lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita, na kwamba Chediel aliingia kwa siri kuiba mawe yenye dhahabu ya mdogo wake. Mmoja wao alimuuliza Evodia. Noel alikuwa amesimama nyuma yao, karibu na mlango wa nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja chake. Evodia alijibu kwamba mumewe aliondoka asubuhi na yeye hakujua alikokwenda.

Ikabaki habari ya Elina. Wakati huo mji wa Xi'an ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi hawakuruhusiwa hata kutoka bwenini. Wazee wa ukoo walikaa wakasema: mtoto yuko peke yake, kafungiwa chumbani, akiambiwa baba yake hakuzikwa atajidhuru. Kwa hiyo wakachimba kaburi pembeni ya nyumba, wakaweka ndani ya jeneza koti la Chediel na viatu vyake vya kanisani, wakaimba, wakafukia. Picha zikatumwa. Elina alilia kwenye simu hadi sauti ikamkauka. Baadaye akawa anajinyima chakula, anatuma chochote anachopata, mpaka kaburi likajengewa na kuwekwa vigae vya bluu. Kijiji kizima kilijua kilichomo. Hakuna aliyemwambia.

Huo ndio mzigo aliokwenda nao Evodia China.

Elina alimpokea uwanja wa ndege akikimbia. Alipiga goti pale pale katikati ya watu, "Shikamoo mama," na Evodia akamwinua kabla ya kumaliza kuitikia. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo, amekata nywele, na Kichina kilikuwa kinamtoka haraka kama maji. Siku ya mahafali Evodia alivaa kitenge chake cha kijani, na wageni wasiomjua wakawa wanaomba kupiga naye picha. Alikubali wote. Elina alimwambia amewahi kuota siku hiyo, ila katika ndoto baba naye alikuwepo. Evodia akajifanya kutafuta kitambaa kwenye mkoba.

"Kesho nakupeleka mahali," Elina alisema jioni ile. "Kila mgeni anayekuja hapa lazima apaone. Kaburi la mfalme wao wa kwanza, yule aliyeiunganisha China yote."

"Kaburi, mwanangu? Nimetoka kote huko nije kuangalia kaburi?"

"Siyo kama makaburi ya kwetu, mama. Utaona."

Joto la siku ile lilimshangaza. Alidhani China ni baridi, kumbe ni jua la kupasua kichwa. Waliingia kwanza katika banda kubwa kuliko ghala lolote alilowahi kuliona, na chini, ndani ya mahandaki, walikuwa wamesimama askari wa udongo wa kuchoma, safu kwa safu, kila mmoja na sura yake. Elina alimweleza kwamba waliwekwa humo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita ili wamlinde mfalme huko alikokwenda, na kwamba hakuna aliyejua habari zao mpaka wakulima wa hapo walipochimba kisima wakati wa ukame na kukutana na vipande vyao.

"Wakulima? Wakichimba kisima?" Evodia alipenda hapo. "Ingekuwa kwetu Ilongero, wangeacha majembe hapo hapo. Mpaka leo wangekuwa wanakimbia."

Elina alicheka, na mama yake akacheka pia, kiganja mdomoni. Walicheka mpaka mlinzi akawatazama.

Upande wa nyuma wa banda, ndani ya handaki, kulikuwa na watu wamepiga magoti. Walikuwa na brashi ndogo kama za kupaka wanja. Mmoja alikuwa anafuta udongo kwenye kidole cha askari aliyelala kifudifudi. Alifuta, akapuliza, akafuta tena.

"Wanafanya nini wale?"

"Wanawafukua na kuwaunganisha. Paa la handaki liliporomoka zamani, likawavunja karibu wote. Inaweza kuchukua miaka kumpata mmoja akiwa kamili."

"Miaka?"

"Ndiyo, mama. Hawana haraka."

"Kwa mtu wa udongo," Evodia alisema.

Hakucheka tena baada ya hapo. Alishika reli ya chuma akamtazama yule mtu mwenye brashi mpaka Elina akamvuta mkono. Sekenke walikuwa wamechimba siku moja na kipande cha siku ya pili.

Katika jengo jingine Elina alisimama mbele ya kioo kilichokuwa na vipande vya vigae vya paa, vimekwaruzwa maandishi. Alisoma maelezo, akamfafanulia. Kaburi lile lilijengwa na watu wengi mno, wafungwa na vibarua waliokokotwa kutoka kila pembe ya nchi. Waliokufa kazini walizikwa huko huko, na baadhi yao wenzao waliwakwaruzia kwenye kipande cha kigae jina na kijiji walichotoka, wakawazika nacho.

"Wafungwa," Evodia alisema. "Na majina yao yapo."

"Yapo. Baadhi yao."

"Na huyo mfalme aliruhusu?"

"Sijui, mama. Labda hakujua. Labda hakujali."

Kutoka hapo walipanda basi dogo kwenda kwenye kaburi lenyewe. Evodia alishuka akatazama huku na huku. Aliona bustani, njia zilizosafishwa, na mbele yake kilima kilichofunikwa miti.

"Kaburi liko wapi?"

"Ndilo hilo. Hicho kilima chote ni kaburi. Mfalme yumo ndani, hawajawahi kumfungua."

"Wale wa udongo wamefunguliwa, yeye bado?"

"Wanaogopa kuharibu vilivyomo. Halafu udongo wa hapo una zebaki nyingi. Inasemekana alitengenezewa mito ya zebaki humo ndani."

Zebaki Evodia aliijua. Kila mchimbaji wa Sekenke aliichanganya na mchanga wa dhahabu, akaikamulia kwenye kitambaa, na mikono yao ilitetemeka kabla hawajazeeka. Alitaka kusema hivyo, lakini kulikuwa na kundi la watalii limesimama karibu nao, na kiongozi wao, mwanamke mwenye kibendera, alikuwa akieleza kwa kipaza sauti. Elina alitega sikio, akatabasamu kama mtu aliyesikia kitu cha kumsimulia mwenzake.

"Anasema wale mafundi waliotengeneza milango na mitego ya ndani walijua siri zote za kaburi. Basi mfalme alipokwisha kuzikwa, wakashusha mlango wa nje wao wakiwa bado ndani. Hakutoka hata mmoja."

"Walikuwa wamekufa?"

"Hapana. Wakiwa hai. Ndivyo wazee wao walivyoandika."

"Hai."

"Ni zamani sana, mama. Huenda hata si kweli."

"Waligonga?" Evodia aliuliza.

"Nini?"

"Nauliza kama waligonga. Hao mafundi."

Elina alianza kucheka, akamwona mama yake usoni, akaacha. Evodia alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya mawe, kitenge kikasambaa. Watu walipita kando. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza matango chini ya mti alikuja mbiombio na kigoda chake, akamsaidia Elina kumwinua na kumkalisha, kisha akamenya tango kwa kisu kidogo, akampa. Alidhani ni jua. Evodia alilipokea kwa mikono miwili, akalila lote, kwa sababu mtu mzima amempa, na machozi yakawa yanadondoka juu yake.

"Mama, unaumwa? Nikupeleke hospitali?"

"Baba yako hayumo mle," Evodia alisema.

"Mle wapi?"

"Kwenye kaburi la nyumbani. Mle mna koti lake na viatu. Yeye yuko chini, kwenye duara. Hawakumtoa. Siku ya pili alikuwa bado anagonga, Idrissa alimsikia kwenye bomba, nikaenda kwa baba yako mdogo, akasema ni mawe. Asubuhi wakamfukia."

Yule bibi wa matango aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akarudi taratibu chini ya mti wake.

"Nilinunua vigae," Elina alisema hatimaye. "Mama, nilikuwa nalala na njaa, nanunua vigae."

"Najua."

"Kila nikipiga simu nilikuwa nakuuliza kama umeshasafisha kaburi la baba. Ukanijibu umesafisha."

"Nilikuwa nasafisha kweli."

"Ulikuwa unasafisha koti!"

Alilia kwa hasira, kwa sauti, hata kundi la watalii likageuka. Evodia alinyoosha mkono kumgusa, na Elina akasogea mbali naye. Katika maisha yake yote mtoto yule hakuwahi kumfanyia vile.

Elina alikata tiketi akarudi naye nyumbani. Safari nzima walizungumza mambo ya lazima tu: maji, choo, mkanda wa kiti. Noel alikuwa amechinja mbuzi kumpokea msomi wa familia, na watu walikuwa wamekaa chini ya turubai wakisubiri kula. Elina alipita katikati yao na vumbi la safari. Aliinama mbele ya Noel kama alivyolelewa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu nyumbani."

"Baba yangu yuko wapi?"

Noel alimtazama Evodia, akarudisha macho kwa Elina, akaonyesha kwa mkono mahali palipokuwa na vigae vya bluu. "Si yuko pale," alisema. Lakini sauti ilimkatika katikati, na alijua kwamba kila mtu ameisikia ilivyokatika.

Kesho yake asubuhi mama na binti walipanda machimboni. Mahali pa duara palikuwa na kilima. Tangu mwaka uliotangulia mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amejenga hapo mtambo wa kuchenjua dhahabu, na mabaki yake, mchanga wa kijivu ambao wachimbaji huuita marudio, yalimwagwa juu ya mashimo ya zamani yote. Kilima kile kilikuwa kimezungushiwa waya, na mlinzi aliwaambia wasisogee kwa sababu mchanga una sumu. Elina alizunguka ule waya kutwa nzima akimuuliza mama yake, "Ni hapa? Au hapa?" Evodia hakuweza kumwonyesha. Mti wa mkungugu aliokuwa akiutumia kama alama ulikuwa umefukiwa.

Elina hakukata tamaa upesi. Alizunguka ofisi, akarudishwa, akarudi tena. Kila alikokwenda jibu lilikuwa lile lile: mwenye mtambo hawezi kuhamishiwa mchanga wake bila amri, na amri haitatoka bila shahidi aliyeshuka siku ile, wa kusema kwamba duara lilikuwa linafanya kazi na kwamba mtu alifukiwa humo akiwa hai. Mmoja wa wale wawili waliookoka alikuwa ameshahama, hakuna aliyejua aliko. Alibaki Idrissa.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Noel alikuja na shati jeupe, akakaa mbele, na kabla ya kuulizwa akaanza yeye.

"Elina, nani alikulipia ada?"

"Wewe, baba mdogo."

"Nani alimwachia mama yako nyumba?"

"Wewe."

"Sasa unataka nifungwe. Sawa. Nikifungwa, hawa wote wanaokula kwangu utawapeleka China?"

Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema marehemu amelala, aachwe alale. Elina alimgeukia Idrissa, aliyekaa karibu na mlango. Siku hizo Idrissa alikuwa msimamizi katika duara jipya la Noel. Alikuwa na nyumba ya bati na watoto shuleni.

"Kaka Idrissa, sema ulichosikia kwenye bomba."

Idrissa aliangalia viatu vyake. "Mimi siku ile sikuwepo, dada."

"Idrissa," Evodia aliita. Alisimama. "Ulikuja jikoni kwangu. Ulikuwa unatetemeka, nikakupa maji ukashindwa kushika kikombe. Nitazame."

"Utakuwa umenifananisha, mama. Ulikuwa na majonzi."

Ndipo Noel akasema, taratibu, karibu kwa huruma: "Shemeji mwenyewe aliwaambia wakaguzi kwamba hakujua mumewe alikokwenda. Watu wengi walimsikia. Leo tumwamini maneno yapi?"

Elina alimtazama mama yake. Evodia alifungua mdomo kueleza kuhusu Noel aliyekuwa amesimama nyuma ya wakaguzi, kuhusu kiwanja, kuhusu hofu ya mjane asiye na pa kwenda. Akakaa tena. Na aliona wazi, mbele ya watu wote, mashaka yakiingia usoni mwa mtoto wake: kwamba aliyemdanganya kwa miaka miwili na nusu anaweza kuwa anamdanganya hata sasa.

Kikao kikavunjika. Asubuhi Elina alichukua nyundo akavunja vigae vya kaburi kimoja baada ya kingine. Majirani walitoka wakasimama mbali na mikono vichwani, hakuna aliyemkataza. Alipomaliza aliacha vipande vimetapakaa, akanawa mikono, akafunga begi. Alikuwa amepata kazi Xi'an. Mlangoni alimwambia mama yake, "Ungeniambia siku ile ile ningekuja hata kwa miguu."

"Usingeweza kutoka, mwanangu. Mlikuwa mmefungiwa."

"Basi ningejua. Ningekaa nalia kwa sababu ya kweli."

Tangu hapo Elina hupiga simu Jumapili. Huuliza afya, huuliza mvua, na mara nyingi husema ana kazi, akakata. Ametuma picha za nyumba anayoishi, lakini yeye mwenyewe hayumo kwenye picha hizo.

Evodia aliondoka kwenye kiwanja cha Noel mwezi ule ule. Alipanga chumba Shelui, karibu na barabara ambapo malori hupumzika kabla ya kupanda mlima Sekenke, akaanza kuwapikia madereva. Watu humuuliza habari za China, yeye huwaambia kuna maghorofa na joto. Idrissa alipita mara moja na pikipiki, akasimama mbele ya jiko lake bila kuzima injini. Evodia aliendelea kusonga ugali mpaka akaondoka.

Mwaka uliofuata Noel aliugua. Mikono ilianza kutetemeka, kisha ulimi ukawa mzito, kisha akawa hawezi kushika kijiko. Walisema ni zebaki ya miaka yote ile. Ndugu wote walikwenda kumwona, na Evodia naye alikwenda, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa neno jingine la kuzungumzwa. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha uani, amefunikwa shuka jua likiwaka, mate yanamtoka pembeni ya mdomo. Mke wa Noel alileta chai, akawaacha.

Kuku walikuwa wanaparua kwenye majani ya mtama.

"Shemeji," Noel alisema kwa shida. "Umekuja kunisamehe?"

"Nimekuja kukuona unaumwa," Evodia alijibu.

Noel alijaribu kusema kitu kingine, midomo ikacheza, neno halikutoka. Evodia alichukua kitambaa kilichokuwa magotini pa mgonjwa, akamfuta mate, akakirudisha mahali pake. Alimaliza chai yake, akamuaga mke wa Noel, akatoka kutafuta bodaboda ya kumrudisha Shelui, maana madereva wa mchana walikuwa karibu kufika na hakuwa amewasha hata moto.